Bakuli Tupu Kutoka Mambrui

Mashoga zangu wa Ngamiani, maswali yenu yamenichosha. Tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua nguo yake hutupa jicho kabatini, akauliza: "Zuhura, mwaka huu hukuleta halwa ya Malindi? Na hilo bakuli tupu la nini?" Basi naandika mara moja, msome, mpokezane, mniache nishone.

Mnajua ninavyoipenda Kenya. Si Kenya yote, maana Nairobi sijafika wala sina haja nayo. Yangu mimi ni ile inayoanzia daraja la Kilifi ikaishia Mambrui, pamoja na kipande cha bara kiitwacho Marafa. Huko nina vituo vyangu na watu wangu, na juu ya wote nina Mwanaidi. Tulikutana harusini Mombasa tukala sinia moja, na tangu hapo kila mwaka, Idi ikipita, hufunga mzigo nikaenda kukaa kwake. Mume sina, mama yangu ametangulia mbele ya haki. Mwanaidi ndiye mtu pekee anayepiga simu kuniuliza nafika lini.

Kilichoniponza ni mdomo wangu. Nimeisifu Malindi mpaka wifi yangu Salma, mke wa kaka yangu, akatamani kuiona. Kaka akanijia dukani: "Dada, mchukue mwenzio akapunge upepo." Ningesemaje? Salma mnamjua. Mzuri, mweupe, mpole, ana sauti ya kubembeleza hata akiomba chumvi. Mtu aliyepewa hayo yote, haki ya Mungu, angeniachia mimi nchi moja tu.

Tanga mpaka Kilifi

Ya mpakani siyasemi, na ya kivuko cha Likoni siyasemi pia, ila tulisimama juani mpaka poda ya Salma ikayeyuka, na bado akaonekana mzuri. Moyo wangu ulitulia tulipofika Kilifi, kwa sababu ng'ambo ya daraja ndipo anapopikia Mama Kadzo.

Mama Kadzo ni Mgiriama, mtu wa Tezo, na mbaazi zake za nazi hazina mfano pwani nzima. Miaka yote nikishuka tu hupaza sauti: "Mtanga kaja!" Kisha hunitilia mbaazi, akanimwagia tui zito juu. Nilikuwa nimeshamsimulia Salma habari ya tui hilo toka mpakani Lunga Lunga.

Tukafika. Salma akatangulia kuamkia. "Shikamoo, mama. Mahamri yako yamefura vizuri! Umeyafanyaje?"

Basi Mama Kadzo akaacha kila kitu. Akamvutia kiti, akakipangusa, akaanza kumweleza: unga aukandia tui badala ya maji, iliki huitwanga asubuhi hiyo hiyo, na donge hulifunika mpaka liinuke lenyewe. Mimi miaka yote ninayokula mahamri yale sijawahi kuambiwa siri hiyo. Kweli sijawahi kuuliza, lakini mtu na mtu wake huulizana?

Akampakulia Salma, akammwagia tui zito juu. Mimi nikangoja na sahani mkononi.

"Mama Kadzo, na mimi je?"

"Ah, weye jitilie," akasema bila kunitazama. "Sufuria ndiyo hiyo, mwiko waujua."

Nikajitilia. Tui lilikuwa limebaki la chini, jepesi. Salma akala, akafumba macho, akasema: "Wifi, ulisema ni tamu, lakini hukusema ni tamu hivi." Kana kwamba nilimfichia.

Gari la Malindi nalo likakawia. Ilikuwa Ijumaa, na dereva, kabla ya kuondoka, alikwenda zake msikitini, naye baada ya swala akapata watu wa kuzungumza nao. Tukakaa pale kwa Mama Kadzo mpaka mbaazi zikaisha. Salma akafundishwa kusema *mudzalamukadze*, ile salamu ya asubuhi ya Kigiriama. Mimi neno hilo nalijua tangu zamani, na huwa nalitumia mara moja kwa mwaka, nikifika Marafa, watu wakashangaa. Nilimsikia Salma akilirudia, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu.

Malindi

Mji wa Malindi nimewahi kuwaeleza. Kwenye mnara wa yule baharia Mreno wa zamani sikumpeleka Salma. Mreno mwenyewe alikuja akaondoka zake, wacha wazungu wakauangalie. Mimi huenda kwenye maduka ya vitambaa, kisha kwenye viazi vya karai vya jioni, pilipili yake ya ukwaju ukiionja unasahau ulikotoka.

Sasa pale Malindi Wataliano ni wengi, wengine wamejenga wamekaa, na wauza vinyago na shanga wamezoea kuwaita kwa lugha yao. Tulikuwa tunapita, mimi mbele kama mwenyeji, Salma nyuma na miwani yake ya jua. Muuza shanga mmoja akaruka kutoka kivulini: "Chao, sinyora! Bela, bela!"

Salma akageuka taratibu. "Waalaykum salaam, kaka."

Soko zima lilicheka. Muuza shanga akajishika kichwa, akaomba radhi kwa Kiswahili cha kwao, akamvalisha Salma kidani cha shanga nyekundu, akakataa hata shilingi. Wakamwita, wakamuuliza kwao wapi. Tanga! Tanga ya wapi? Akawaeleza kwa ile sauti yake, nao wakamsikiliza.

Nimepita njia ile miaka mingi, nimevaa vizuri, nimejitanda. Hata siku moja hakuna aliyenidhania Mtaliano. Jioni nilikula viazi, na hata pilipili haikunisahaulisha.

Mambrui

Asubuhi tukavuka mto Sabaki, maji yake rangi ya chai ya maziwa kama siku zote. Njia nzima nilikuwa namtayarisha Salma. Nikamwambia: tutapokewa kwa udi. Tutavishwa vikuba vya asmini na rehani. Tutaletewa maji ya kunawa tumekaa. Tutalazwa chumba cha mbele, penye kitanda cha samadari. Nayajua yote hayo kwa sababu nilifanyiwa.

Yakafanyika yote. Kwa Salma.

Mwanaidi alitoka mlangoni amejitanda leso yake mpya, mikono mbele, akanipita. Akamshika Salma mabega. "Wewe ndiye Salma? Karibu, mwanangu, karibu ndani, nyumba ni yako." Akamketisha, akampepea, akamfukiza udi, akamvisha kikuba. Mimi nilikuwa ningali mlangoni na mabegi mawili, langu na la Salma. Ndipo Mwanaidi aliponiona, akanitazama juu mpaka chini.

"Zuhura, umenenepa. Mbona umesimama? Njoo jikoni, nazi hazijakunwa na adhuhuri yaja."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa mbuzi ya kukunia nazi kabla sijavua viatu.

Siku ya kwanza nikajipa moyo: Salma ni mgeni, atapoa. Siku ya pili hali ikawa ile ile. Salma akazungukwa na majirani waliokuja kumtazama, akaletewa samaki wa kupaka katika sahani zenye ukingo wa dhahabu, kipande cha katikati kisicho miba. Mimi na Mwanaidi tulikula jikoni, katika sufuria, tukigombea ukoko. Alinisimulia habari za mwanawe Athumani aliyeachana na mkewe, jambo ambalo bado hajamwambia hata imamu. Alilia kidogo, akapangusa macho kwa upande wa leso, kisha akakumbuka kituko fulani cha huyo Athumani tukacheka mpaka nikapaliwa. Lakini sikio langu moja lilikuwa sebuleni. Nilikuwa nasikiliza Salma anasifiwa nini.

Kitanda cha samadari alipewa Salma. Mimi nilitandikiwa godoro chini, chumbani kwa Mwanaidi, na Mwanaidi anakoroma.

Nikaanza kuhesabu moyoni. Kumbe mtu huchoka. Miaka yote hii nakuja, nadhani nimepata ndugu, kumbe nilikuwa kitu kipya tu, na kipya kinyemi. Sasa kimekuja kipya zaidi, kina sauti nzuri. Mwakani Mwanaidi atamwita Salma, na mimi sitakuwa na mtu. Nawaambia kweli, niliona wivu. Nilikuna nazi kwa hasira, Mwanaidi akaja akachungulia ungo. "Taratibu, mwanamke. Wakuna nazi au wakuna kifuu?"

Jambo moja jingine la nyumba ile niwatajie, kwani ndilo mnaloniuliza. Mwanaidi ana bakuli la kauri lenye maua ya buluu, la marehemu mamake. Halikai kabatini hata siku moja. Asubuhi huenda kwa jirani wa kulia na kaimati, adhuhuri likarudi na tende. Jioni huenda kwa jirani wa nyuma na mchuzi, likarudi na mahindi ya kuchoma. Nanyi mnajua, hata hapa kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Ukilirudisha tupu umemwambia mwenzako: basi, ujirani umekwisha.

Salma aliliona siku ile ile ya pili. "Bi Mwanaidi, bakuli zuri hili!" nilimsikia akisema. Sauti ilikuwa ile ya kuombea chumvi. Nikatoka nje kuchota maji nisisikie jibu. Nilijua atapewa.

Marafa

Siku ya tatu tukaenda Marafa kuangalia lile bonde la udongo, wenyeji wanaliita Nyari na wageni wanaliita jiko la jehanamu. Ukisimama juu unaona nguzo za mchanga, nyekundu, nyeupe, waridi, zimechongeka zenyewe kwa mvua. Ni mahali pangu pa kumshukuru Mungu peke yangu. Mwaka huu Mwanaidi naye akaja, jambo ambalo kwangu hajawahi kulifanya.

Kabla hatujafika gurudumu likapasuka. Tukashuka tukakaa kando ya njia, chini ya jua, na mama mmoja akatoka shambani akatupa muhogo wa kuchemsha na chumvi. Nikafungua mdomo nimwamkie kwa lile neno langu la mwaka. Salma akaniwahi. "Mudzalamukadze, mama!" Yule mama akapiga makofi kwa furaha, akamwongezea muhogo.

Kahindi, anayetembeza watu bondeni, alitungojea langoni. Hesabu yake huwa rahisi: wageni huwapa fimbo za kushikia, wenyeji hushuka hivi hivi.

"Wageni ni wangapi, Bi Mwanaidi?"

Mwanaidi hakufikiri hata kidogo. "Mmoja."

Mmoja! Nimesimama pale, nimetoka Tanga, nimevuka mpaka na bahari na mto, na sihesabiwi. Salma akapewa fimbo. Mwanaidi akamshika mkono kwenye mteremko, akanigeukia: "Zuhura, shika kikapu, na uangalie chupa ya chai isimwagike."

Huko chini Kahindi akasimulia kile kisa chao: hapo palikaa watu matajiri wa ng'ombe, wakawa na maziwa mpaka wakayaogea, na jirani zao hawana hata ya kumpa mtoto. Mungu akakasirika, ardhi ikawameza usiku mmoja. Kila mwaka kisa kile hunitia hofu. Mwaka huu nilimtazama Salma, ana kikuba, ana kidani, ana fimbo, ana mkono wa Mwanaidi, nikawaza: mwingine huyu anaogea maziwa. Nikatazama ardhi kama itafanya chochote. Haikufanya.

Tulipopanda juu Mwanaidi akakaa karibu nami, akaninywesha chai kutoka kikombe chake. "Una nini? Tangu juzi wanuna."

"Sina kitu."

"Haya," akasema, akanipa kaimati ya mwisho. Nikaila, lakini sikumsamehe.

Kuondoka

Siku ya kuondoka Salma alijaziwa mfuko. Halwa makopo mawili, kachiri za muhogo, mabuyu, achari ya maembe, udi wa kufukiza na doti ya kanga. Mwanaidi akamsindikiza mpaka garini, akamkumbatia, akamwombea dua. Mimi nilibaki nyuma kufunga begi. Nikatoka nikamkuta Mwanaidi amesharudi mlangoni, ameshika lile bakuli la maua ya buluu. Akalipangusa kwa pembe ya leso, ndani na nje, akaniwekea mikononi.

Nikachungulia. Hamna kitu.

"Tupu?" nikasema.

"Sasa wataka liwe na nini?" Akaingia ndani upesi, akafunga mlango.

Nilisimama pale kwenye baraza. Mgeni wa siku chache kajaziwa mfuko, mimi wa miaka mingi nimepewa bakuli tupu na mlango. Nilijiambia, Zuhura, umeachwa, na umeachwa kwa ishara ambayo hata mtoto anaifahamu. Sikugonga. Sisi watu wa Tanga tuna kiburi chetu.

Kurudi

Kutoka Mambrui mpaka Mombasa sikumsemesha Salma. Kwa Mama Kadzo sikushuka. Kivukoni Likoni nilisimama ukingoni na bakuli mkononi, nikatamani kulitosa. Kilichonizuia ni kwamba lilikuwa la marehemu, na marehemu hakunikosea.

Mpakani tukakwama tena. Tulipovuka tukaingia mgahawani Horohoro, chai na chapati. Salma alifungua mfuko wake, akanikatia halwa, akanisogezea.

"Kula, wifi."

"Sitaki."

"Kula kidogo."

"Kula wewe, ndiye uliyepewa."

Akaanza kulia. Kulia kwenyewe kwa taratibu, kule kwa Salma, machozi yanashuka moja moja. Watu wakanitazama mimi.

"Wifi," akasema, "nina neno nimelificha tangu Mambrui. Lile bakuli niliomba mimi."

"Najua uliomba. Nilikusikia."

"Hukusikia nilivyojibiwa. Bi Mwanaidi alinikatalia. Alisema: mwanangu, mgeni hupewa mfuko, kwa kuwa mfuko hauregeshwi. Bakuli hupewa jirani, naye hana budi kulirudisha, na halirudi tupu. Alisema hilo ni la Zuhura, na atakupa, ili hata ukichoka na safari, hata ukizeeka, uwe na sababu ya kuja."

Chai ilikuwa mbele yangu, nikaisahau.

"Na mlango alioufunga?"

"Alikuwa analia, wifi. Alipokuwa ananikumbatia garini nilimwona. Alisema kukuaga humwumiza kila mwaka, na mwaka huu hataweza."

"Salma, tangu Mambrui! Umeniacha nilie moyoni tangu Mambrui, nusura nilitose baharini. Kwa nini hukuniambia?"

Akajipangusa kwa kanga yake mpya. "Nilikuonea wivu."

"Wewe? Uliyefukizwa udi?"

"Nilikaa sebuleni kama sahani za ukingo wa dhahabu. Nawasikia nyinyi mnacheka jikoni. Nikiinuka kuja naambiwa kaa, mgeni. Nikiuliza mmecheka nini, naambiwa hakuna kitu. Mama Kadzo alikwambia ujitilie mwenyewe, mimi nikapakuliwa. Kahindi aliuliza wageni wangapi, akaambiwa mmoja. Huyo mmoja ni mimi, wifi. Njia nzima nilikuwa nautazama ule mfuko nikijua nimelipwa nikaagwa."

Mashoga zangu, mtu mwema hapo angemwonea huruma. Mimi nilifurahi kwanza. Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Nilikumbuka ukoko, na habari za Athumani, na ule mkoromo, na kile kikombe cha chai kule Marafa, nikaviona vyote upya, kimoja kimoja, na vyote vilikuwa vyangu. Huruma ilikuja baadaye, na haikukaa sana.

Nikala halwa yake. Nikampangusa machozi. Akatulia, akanyoosha mkono mezani. "Wifi, basi niache nilishike mpaka tufike Tanga."

"Halwa nitakula," nikamwambia. "Bakuli hapana."

Nikapakata bakuli langu mpaka mlangoni kwangu.

Basi mmejua. Simu nimempigia Mwanaidi, akaniuliza nilifika salama, akanitukana kwa kutomgongea mlango, tukacheka. Nimeshaamua litakalokwenda humo: visheti, nitavipika mwenyewe, navyo vitajaa mpaka vipite ukingo. Jana Salma alipita hapa dukani. Alilitazama bakuli kwa muda, kisha akauliza, kwa ile sauti yake, safari nyingine ni lini. Nikamwambia bado sijui. Na nyinyi, akiwauliza, hamjui.